Nimekaa Kuliko Nilivyoruka

Jumamosi moja ya mwezi wa tano niliketi kwenye kiti cha plastiki, kiwanja cha kuruka na parachuti cha Langar, Uingereza, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na sikupanda ndege hata mara moja. Mawingu yalikuwa yametanda chini chini kama godoro la sufi lililorowa. Kila nusu saa kipaza sauti kilitangaza kwamba hali ya hewa itaangaliwa tena baada ya nusu saa. Nikanywa chai vikombe sita. Jioni, kabla sijawasha gari kurudi Nottingham, mama akapiga simu kutoka Msambweni, pwani ya Kenya.

"Umeruka leo?"

"Sikuruka, mama. Mawingu."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akaanza habari za harusi ya binamu yangu.

Watu wakiona picha zangu za helmeti huniuliza kama siogopi. Hakuna anayeuliza kama sichoki kukaa. Daftari langu lina miruko 412 ya miaka saba. Mruko mmoja, tangu mlangoni mwa ndege mpaka miguu kugusa nyasi, ni kama dakika sita: moja ya kudondoka, zilizobaki chini ya parachuti. Zijumlishe zote, hazifiki saa 42, yaani zamu tatu na kitu za wodini kwangu. Muda wote mwingine niliokuwa viwanjani nimekaa. Nimelala kwenye mkeka wa kukunjia parachuti, nimesoma vitabu vya mitihani, nimebishana na mtu wa Poland siku nzima kuhusu namna ya kupika wali.

Na ajabu ni kwamba kukaa nikingojea upepo nilifunzwa utotoni. Babu, baba yake mama, alikuwa mvuvi wa ngalawa. Alfajiri akishaswali alishuka pwani, akasimama kimya, akatazama vichwa vya minazi, kisha rangi ya maji kule mwambani, kisha minazi tena. Siku nyingine alitweka tanga. Siku nyingine alilitia begani akarudi nyumbani, na wenzake tayari wako majini. Mimi, mtoto wa miaka saba mwenye hamu ya samaki, nikamuuliza mbona wenziwe wanakwenda. "Mke wangu," alinijibu, maana ndivyo babu zetu wanavyotutania, "leo bahari ina mwenyewe." Basi. Hakueleza zaidi. Na mara nyingi wale wenziwe walirudi salama na samaki tele, sisi tukala sima na mchicha.

Niliingia kwenye mambo haya kwa mlango wa hisani. Waingereza wana desturi moja: mtu hakuombi mchango hivi hivi, lazima ateseke kidogo mbele yako. Atakimbia maili 26, atanyoa nywele, au atarushwa kutoka kwenye ndege. Wodini kwetu tulikuwa tunachangisha pesa, na mimi, nesi mgeni nisiyetaka kuonekana najitenga, nikaandika jina. Nikafungwa kifuani mwa mwalimu kama mtoto anavyofungwa leso mgongoni, ila mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nilipiga kelele dakika nzima. Tulipotua nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nacheka na siwezi kunyamaza. Mwezi uliofuata nikalipia kozi.

Kozi yenyewe ina hatua nane. Mwanzoni walimu wawili wanakushika huku na huku mnapotoka, mnadondoka pamoja kwa kasi ya kilomita 190 hivi kwa saa, nawe unatakiwa uangalie altimeta, kipimo cha kimo, mkononi na ufungue mwenyewe. Hatua ya tano, ya kuzunguka mduara mzima kulia na kushoto kisha kusimama, niliirudia mara tatu. Kila kurudia ni pesa. Nilichukua zamu za usiku kulipia hatua ya tano, na mpaka leo nikiona mtu anazunguka vizuri hewani nina kijicho. Baada ya hapo miruko kumi ya peke yako, ndipo leseni ya kwanza. Kwa hali ya hewa ya Uingereza, iliyokuwa kazi ya wiki mbili ikanichukua kuanzia Aprili mpaka Oktoba.

Langar ilikuwa kambi ya jeshi la anga wakati wa Vita vya Pili. Ndege za Lancaster zilipaa pale usiku kwenda kupiga mabomu Ujerumani, na nyingine hazikurudi. Sisi tunapaa na ndege ndogo aina ya Caravan, tunajaa humo kama dagaa, magoti ya huyu mgongoni mwa yule, na ndege inarudi tupu baada ya dakika ishirini. Nikingoja naiangalia njia ile ndefu ya lami nasema, wenzetu nao walikaa hapa wakitazama mawingu, ila wao waliomba yasiondoke.

Wanaojua ndege hizi wataona kitu kimoja: hakuna anayevua helmeti wala kufungua mkanda kabla ndege haijapita futi elfu moja na zaidi. Si utaratibu wa urembo. Tarehe 22 Aprili 1992, huko Perris, California, ndege aina ya Twin Otter ilianguka mara tu baada ya kupaa, wakafa watu 16 kati ya 22 waliokuwemo. Kabla ya hapo warukaji wengi hawakuwa wakifunga mikanda. Mwalimu wangu alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akinikaza mkanda, wala sikuhitaji kusimuliwa tena.

Na kwa kuwa najua dada zangu watauliza: hijabu yangu ya kurukia ni ya kitambaa cha michezo, inaingia yote ndani ya helmeti, ncha zinafungiwa ndani ya ovaroli. Mkaguzi aliuliza siku ya kwanza kama inaweza kulegea ikafunika vishikio vya kufungulia parachuti. Nikamwonyesha, akavuta, haikutoka, yakaisha. Swali gumu zaidi lilikuwa la bia. Viwanja vyote nilivyopita vina sheria isiyoandikwa: ukifanya jambo kwa mara ya kwanza, mruko wa kwanza peke yako, ndege mpya, kutua kwenye nyasi za majirani, unadaiwa kreti ya bia. Mimi nikawaambia nitalipa kwa mahamri. Nikakaanga usiku, nikayapeleka na mbaazi za nazi kwenye hotipoti. Tangu siku hiyo watu walianza kunitafutia mambo ya mara ya kwanza. "Je, umewahi kuruka ukiwa na soksi nyekundu?"

Likizo yangu ya kwanza ya kuruka nilikwenda Empuriabrava, Hispania, kwa hoja moja: kule kuna jua. Ni mji uliochimbwa mifereji kila upande, watu wanaegesha mashua mlangoni kama sisi tunavyoegesha baiskeli. Ukitoka mlangoni mwa ndege, kushoto kwako milima ya Pyrenees, kulia kwako ghuba ya Roses. Niliyaona hayo siku mbili. Siku tano zilizobaki ulivuma Tramuntana, upepo wa kaskazini unaoporomoka kutoka milimani, na wenyeji wakaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ukianza hauna haraka ya kwisha. Langar nilikuwa nimezoea kukalishwa na mawingu. Hapa anga ni buluu tupu, hata kipande cha wingu hakuna, na huruki. Wageni walikasirika, wakawa wanakwenda dirishani kuuliza kila saa. Mimi nilimkumbuka babu kidogo, lakini si sana.

Siku hizo tano ndizo nilizojifunza kukunja. Palikuwa na mzee Mkatalani, mkunjaji wa kazi, anayelipwa kwa kila parachuti anayoikunja. Kiingereza chake kilikuwa maneno ishirini, na kumi kati ya hayo ni "hapana". Aliniona nalipa watu wanikunjie, akanivuta mkono mpaka kwenye mkeka.

Parachuti ya siku hizi si mwavuli wa duara wa kijeshi. Ni bawa, la vyumba tisa kwangu mimi, lililo wazi mbele ili hewa iingie na kulijaza. Unaanza kwa kuzishika nyuzi zote begani, kitambaa kinaning'inia mbele yako, unapanga chumba kimoja kimoja upande huu, kimoja kimoja upande ule, na kile kitambaa kidogo cha mraba kinachopunguza kasi ya kufunguka unakivuta mpaka juu kabisa. Hapo mzee alinipiga kibao cha mkono mara nne. Ukikisahau chini, parachuti itafunguka kwa kishindo cha kukuvunja shingo. Kisha unauzungusha mkia wa bawa kufunika kila kitu, unaulaza mzigo chini, na sasa unapiga magoti juu yake kuitoa hewa. Hii ndiyo sehemu iliyonitoa jasho na machozi. Kitambaa kipya kinateleza kama samaki. Ukibonyeza hapa kinavimba pale. Mzee akanisukuma kando, akalala juu yake taratibu, kifua kizima, akatulia, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekataa usingizi. Hewa ikatoka yenyewe. Akakunja mara tatu, akatia mfukoni, akafunga nyuzi kwa mipira fundo kwa fundo, akapitisha pini. Dakika nane. Yangu ya kwanza ilichukua dakika 55, na mzee alipoitazama aliifungua yote akasema, "Hapana."

Kufikia siku ya tano nilikuwa nakunja kwa dakika ishirini. Tramuntana ilipokatika nilikuwa uwanja wa ndege wa Barcelona nikingojea kurudi kazini.

Eloy, Arizona, ni kinyume chake kabisa, kwa hiyo sina mengi ya kusema. Ni jangwani kati ya Phoenix na Tucson, jua karibu mwaka mzima, ndege nyingi, na ndege aina ya Skyvan ambayo mlango wake uko nyuma kabisa, unatoka kama gunia linaloshuka kwenye lori. Nimeruka mara kumi kwa siku. Kinachosimamisha kazi ni chamchela tu: kuelekea mchana nguzo ya vumbi inainuka yenyewe, inatembea kiwanjani kama mtu mwenye shughuli zake, na parachuti ikiingia humo inaweza kukunjika angani. Ikionekana, kila mtu anaitangaza kwa sauti. Nilirudi na miruko 38 na majina ya watu wawili. Pasipo kungoja hapana mazungumzo. Empuriabrava niliruka mara sita, na mpaka leo mkunjaji yule ananitumia salamu kila Krismasi, ijapokuwa mimi si Mkristo na yeye anajua.

Sasa habari ya mguu. Kifundo changu cha kulia kina bamba la chuma na skrubu sita. Kiwanja nilipovunjikia sikitaji, maana hakikunikosea lolote. Ulikuwa mruko wa 173. Nilikuwa nimesafiri saa nyingi, nimelipa chumba na tiketi kumi za kuruka, upepo ukanikalisha siku mbili. Siku ya mwisho jioni ukapungua, ukabaki mkupuo mmoja, yaani safari moja ya ndege, kabla ya jua kuzama. Nilikuwa pia nimebadilisha parachuti wiki chache nyuma, nikatoka kwenye bawa la futi za mraba 170 nikaingia la 150, dogo na lenye mbio zaidi, kwa sababu wenzangu wote walikuwa nalo. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, ilikuwa inalegea, inajaa, inageuka. Niliiona. Nakumbuka kabisa nilivyoiona, na nilichosema moyoni: nauli imeshalipwa.

Mlangoni salama, kudondoka salama, parachuti ikafunguka vizuri. Futi elfu moja nikaanza kuzunguka kiwanja kama nilivyofunzwa, futi 300 nikaelekea kutua. Hapo ndipo nilipoona ardhi inakimbia chini yangu kwa kasi isiyo ya kawaida. Upepo ulikuwa umegeuka na sasa unanisukuma mgongoni. Mbele palikuwa na ua wa seng'enge. Mtu akikufundisha darasani jibu ni rahisi: nenda moja kwa moja, vuta breki zote mbili, zile kamba za kuongozea bawa, kwa pamoja, bana miguu, viringika, uchafuke. Seng'enge yenyewe ilikuwa mbali kuliko nilivyodhani. Lakini mkono wangu wa kushoto haukungoja darasa. Ukavuta breki moja, nami niko kimo cha mnazi tu.

Bawa likigeuzwa hivyo halipindi, linapiga mbizi. Nilisikia mlio kabla sijasikia maumivu, kama kuni inayovunjwa gotini.

Daktari aliyenipokea aliuliza, "Parachuti haikufunguka?" Kila mtu huuliza hivyo. Ilifunguka, nikamwambia, na sasa hivi imo mfukoni, haina hata uzi uliokatika. Hili watu wasioruka ni vigumu kuliamini. Tangu mwaka 1991 kuna kifaa cha Kijerumani kiitwacho Cypres, kinapima mwendo wako, na ukifika mita 225 kutoka ardhini bado unadondoka kwa kasi, kinaifungua parachuti ya akiba chenyewe. Marekani, ambako watu huruka kuliko kwingine kote, mwaka 2023 iliruka miruko kama milioni 3.65, wakafa watu 10. Vifaa vimekuwa vizuri kiasi kwamba kilichobaki cha kuharibika ni mwenye kuvivaa, na wengi wanaoumia huumia kama mimi, chini ya parachuti nzima, wakigeuka karibu na ardhi.

Mama nilimwambia nimeteleza kwenye ngazi za hospitali. Uongo huo uliishi wiki mbili, mpaka dada yangu alipoweka picha ya magongo yangu na maneno "rubani wetu". Mama hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Babu yako angepanda?" Nikanyamaza, naye akanyamaza, na simu za kutoka Kenya si za bei ya kunyamazia.

Miezi sita sikuruka. Nilikwenda Langar hivyo hivyo, nikakaa kwenye kiti changu na mguu juu ya kiti kingine, nikawa nawatazama wanaotua. Ukitazama watu mia mbili wakitua unaanza kuona kama babu. Unamjua atakayejikwaa angali futi mia tano juu. Niliporudi angani nilirudi na bawa langu la zamani la 170, na mtu aliponicheka nikampa hamri.

Januari iliyopita nilikwenda nyumbani, na Diani palikuwa na wanaoruka. Ndege inapaa kiwanja cha Ukunda, na unatua mchangani, pwani ile ile niliyokuja na shule darasa la sita. Asubuhi ya kwanza niliruka mara mbili. Kutoka juu mwamba unaonekana kama mshono, huku maji ya kijani, kule buluu ya kina. Nililia ndani ya miwani, na machozi ndani ya miwani ni usumbufu mtupu.

Nikampigia mama simu aje kesho anione. Miaka saba hakuwahi kuniona. Akaja na binamu wawili, leso mpya, chupa ya chai, na sambusa za kulisha kiwanja kizima. Walifika saa nane mchana. Jina langu lilikuwa kwenye mkupuo wa saa tisa.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji makubwa. Anayeishi pwani yetu anajua, bamvua maji hujaa saa kumi. Mchanga wa asubuhi, mpana kama uwanja wa mpira, ulikuwa unaliwa kidogo kidogo, na kaskazi nayo imeshika kasi ya mchana. Nikatazama soksi ya upepo. Kisha nikatazama vichwa vya minazi. Msimamizi alisema bado ni ndani ya kiwango, na alikuwa sahihi. Nikaenda dirishani, nikaomba jina lifutwe, tiketi iwekwe ya kesho.

"Kwani vipi?" mama akauliza nilipokuja kukaa naye nikiwa bado na ovaroli.

"Leo siruki, mama. Upepo, na maji yanajaa."

Ndege ikapaa bila mimi. Baadaye kidogo zikachanua parachuti sita juu yetu, nyekundu, njano, zambarau. Mama akazihesabu kwa kidole. Wa kwanza akatua vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu akagusa maji kidogo kwa kisigino, akacheka.

"Hao ni wenzako?"

"Ndiyo."

"Wameruka upepo huu huu?"

"Ndiyo, mama."

"Nimepanda matatu na jua hili tangu saa sita, Msambweni yote nimeiaga, nije nikuone umekaa?"

"Leo bahari ina mwenyewe," nikamwambia.

Alinigeukia, akanitazama muda mrefu. "Usiniletee ya baba," akasema, lakini akanimiminia chai. Wa sita alikuwa mzungu mmoja mrefu, akatua kwa miguu yote miwili hatua chache kutoka kwenye mkeka wetu, laini kama ndege anayetua tawini. Mama akasimama na leso yake akampigia kigelegele mtu wa watu asiyemjua hata jina, akamtia sambusa mkononi kabla hajakusanya parachuti. Kisha akarudi akaketi, akapangusa mchanga kwenye vikombe.

"Kesho maji yanajaa saa ngapi?"